‘Kaa, usijichoshe’: Huruma inayowamaliza nguvu wagonjwa wa MS

Jioni moja ya Ramadhani ya mwaka jana niliamua kuhesabu. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameketi sebuleni kwa mama, futari iko jikoni, na kila aliposogea alikutana na neno moja: kaa. Aliinuka achukue jagi la maji, mama akamwambia, "Kaa mwanangu, utaletewa." Akashika ukuta aende akatazame mbaazi, shangazi akapiga kelele kutoka huko huko jikoni, "Kaa, usijichoshe!" Hata mwanawe wa miaka minane, aliyekuwa akipanga tende kwenye sahani, aligeuka akasema, "Ma, kaa." Adhana ya Magharibi ilipolia nilikuwa nimefika mara kumi na moja. Mbili kati ya hizo zilitoka kinywani mwangu.

Ana miaka 36. Ana maradhi ya maltipo sklerosisi, ambayo madaktari wetu huyafupisha kwa herufi mbili, MS, nami nitafanya vivyo hivyo. Makala hii inahusu lile neno kaa: lilitoka wapi, kwa nini madaktari wenyewe walilisema kwa miaka mingi, na kwa nini wameliacha ilhali sisi majumbani bado tumelishikilia. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya utabibu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, haya yachukue uende nayo kwa daktari wako, usiyafanye yenyewe ndiyo daktari.

Kwanza maradhi yenyewe, maana huku kwetu hayaonekani sana na wengi hawajapata kuyasikia.

Chukua waya wa stima. Ndani mna shaba, nje mna plastiki. Mishipa yetu ya fahamu iko hivyo hivyo: ndani mna uzi unaopitisha habari kutoka kwenye ubongo kwenda miguuni, mikononi na kwenye kibofu, na nje umevikwa utando wa mafuta uitwao mayelini. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hukosea adui ikaanza kuuchuna utando huo ndani ya ubongo, kwenye uti wa mgongo na kwenye mshipa wa jicho. Palipochunika, habari hupita polepole, au hupita nusu, au haipiti kabisa. Pakipona hubaki kovu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot ndiye aliyeyaeleza maradhi haya kwa ukamilifu mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, na jina lake limetokana na makovu hayo yaliyotapakaa.

Ni maradhi ya watu wa makamo ya ujana. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaoyapata ni zaidi ya maradufu ya wanaume. Shirikisho la kimataifa la MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu milioni 2.8 duniani wanaishi nayo, na huonekana zaidi katika nchi za baridi zilizo mbali na ikweta. Hayaambukizi mtu kwa mtu. Hayana dawa ya kuyaondoa kabisa, ingawa zipo dawa za kuyapunguza kasi.

Kwa kuwa hayajazoeleka, huchelewa kutambuliwa. Mdogo wangu alianza na jicho la kulia: ukungu, na maumivu kila akilizungusha. Baada ya wiki chache likarudi sawa, tukamshukuru Mungu tukasahau. Mwaka na kitu baadaye ikawa ganzi kutoka kiunoni kushuka chini. Kisha miguu. Mmoja akasema ni kiharusi. Mwingine akasema ana jini, mwingine sihiri. Alisomewa, akanywa kombe, na sisemi haya kwa kejeli, dua ni dua na mimi mwenyewe nilikuwa nikiitikia amin. Lakini hospitali nazo zilimpa vidonge vya maumivu na vitamini kwa karibu miaka mitatu, mpaka daktari mmoja wa mishipa ya fahamu alipomwagiza picha ya MRI ya kichwa na mgongo. Makovu yakaonekana pale, meupe, kama matone ya chokaa.

Siku ya kuchukua majibu, mhudumu mmoja wa hospitali aliyokwenda, ambayo sitaitaja, alimpa wasia: ajiepushe na joto, apumzike, asijichoshe. Akarudi nao nyumbani. Mumewe yuko Dubai kikazi, kwa hivyo mambo mengi yananijia mimi, na mimi, kaka mwenye mapenzi, nilikwenda dukani nikamnunulia kiti kikubwa cha kuegemea, chenye pahala pa kuinulia miguu. Mwaka uliofuata alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwake bila kushikwa.

Tukasema maradhi yamesonga mbele. Kweli yalikuwa yamesonga. Lakini sehemu ya udhaifu ule, kubwa kuliko tulivyodhani, ilikuwa kazi ya kiti changu.

Wasia ulikotoka

Wasia huo una historia ndefu. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia kila walipotumia nguvu, kisha yakarudi walipopumzika. Akaona kule kutumia nguvu ndiko kunakodhuru. Baadaye ikajulikana kwamba sababu hasa ni joto la mwili, ambalo hupanda mtu anapofanya kazi. Madaktari wakaligeuza jambo hilo kuwa kipimo: mtu aliyeshukiwa kuwa na MS alitiwa ndani ya bafu la maji ya moto, na dalili zikizidi, wakasema ndiyo. Kipimo hicho kilitumika kwa miongo kadhaa, mpaka mashine za MRI zilipoanza kuenea miaka ya 1980.

Ukishamwona mgonjwa akilegea mbele ya macho yako ndani ya maji ya moto, ni rahisi kusema huyu asitoke jasho tena. Na palikuwa na hoja ya pili. Uchovu ni miongoni mwa dalili zinazowatesa sana wagonjwa hawa, basi zile nguvu chache walizonazo wazidundulize kwa mambo ya lazima. Hoja hii inaingia akilini. Ni kama pesa, ukiwa nazo kidogo huzitapanyi.

Ila misuli haidundulizwi. Isipotumika hupungua, mifupa nayo hudhoofika, moyo huzoea uvivu, na kazi ndogo ya jana leo inataka nguvu kubwa zaidi. Mgonjwa anachoka, anapumzika, na akiinuka anachoka upesi kuliko mara ya kwanza. Hasara hiyo haiwahusu wenye MS peke yao. Mchukue mtu mzima mwenye afya umlaze kitandani mwezi mzima, uone atakavyoinuka.

Kuhusu joto inafaa tuelewane vizuri, maana kwa sisi wa pwani hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Waya uliochunika hupitisha habari kwa taabu hata siku ya kawaida. Mwili ukipata joto, hata nusu ya nyuzi moja tu, taabu ile inazidi, na habari zilizokuwa zikipita kwa kuchechemea zinasimama. Jicho linaingia ukungu, mguu unakuwa mzito kama gunia. Inatisha. Lakini hakuna utando uliochunika upya, wala kovu jipya. Mwili ukipoa, hali hurudi ilivyokuwa. Shambulio la kweli la maradhi ni jambo jingine: ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila ya homa wala maambukizi. Hilo ni la kumkimbilia daktari. La joto ni la kukaa kivulini, ukajipoza, ukanywa maji baridi.

Sikuijua tofauti hii. Mama hakuijua. Kila mguu ulipolegea saa saba za mchana tuliona maradhi yanapanda, na kila tulipoona hivyo tulisema kaa.

Watu 54 wa Utah

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na daktari Jack Petajan, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo lilibadilisha mazungumzo. Walichukua wagonjwa 54 wa MS wakawagawa mafungu mawili bila kuchagua. Fungu moja liliendelea na maisha yake kama kawaida. La pili lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa wiki 15, kwenye mashine mfano wa baiskeli inayozungushwa kwa mikono na miguu pamoja.

Hawakuharibikiwa. Uwezo wa mwili kutumia hewa wakati wa kazi uliongezeka kwa asilimia 22. Mikono na miguu ikapata nguvu. Huzuni na hasira zikapungua katika wiki za kwanza kumi, na hata choo na haja ndogo zikawa nafuu.

Lakini nililolisoma mara mbili mbili ni hili. Madaktari wa MS wana kipimo chao cha ulemavu, kuanzia sifuri hadi kumi, kinachotazama mambo kama vile mtu anatembea umbali gani na anahitaji mkongojo au la. Kipimo hicho hakikubadilika. Kwa karatasi ya daktari, wale watu walimaliza vile vile walivyoanza. Kilichobadilika ni majibu ya dodoso jingine, linaloulizia maradhi yamekuzuia nini katika maisha yako: kuendesha nyumba, kuchanganyika na watu, kufanya mambo unayoyapenda, kuutumikia mwili wako mwenyewe. Huko walipata nafuu kubwa.

Nadhani wengi wetu hukata tamaa hapo. Mgonjwa anafanya mazoezi mwezi mmoja, mguu bado unaburura, anasema hayana faida. Amepimia kipimo kisichofaa. Muulize: wiki hii umeoga mwenyewe mara ngapi? Harusini ulikaa na wenzako mpaka saa ngapi?

Tangu hapo tafiti zimekuwa nyingi. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, ambalo hukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, lilitazama majaribio 45 yaliyohusisha watu 2,250. Liliona mazoezi hupunguza uchovu wa MS kwa kiasi, na halikuona ushahidi kwamba yanaongeza mashambulio. Wakanada walikuwa wameshatoa mwongozo wao mwaka 2013: kwa mwenye ulemavu mdogo au wa wastani, dakika 30 za mazoezi ya kuhemesha mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya kujenga nguvu mara mbili kwa wiki. Kuhemesha huko ni kwa kiasi, yaani unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kaswida. Mwaka 2020 chama cha MS cha Marekani kikapendekeza watu wajitahidi kufikia dakika 150 kwa wiki, kidogo kidogo na kila mtu kwa uwezo wake, na shughuli za kawaida za mwili zikihesabiwa humo. Hata asiyetembea ana fungu lake: mikono, pumzi, kunyoosha viungo akiwa kitini au kitandani.

Wala mazoezi si badala ya dawa, tusije tukatoka kosa hili tukaingia lile. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS, yaani kladribini, glatirama na rituksimabu, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kuingia kwenye orodha ya Geneva bado si kufika kwenye duka la dawa la mtaani, na bei zake zinataka makala yake peke yake.

Sijda

Baada ya Idi tulimpata tabibu wa viungo, kijana mpole. Alipokiona kiti changu alikizunguka mara moja, akatabasamu, asiseme kitu. Kisha akamuuliza mdogo wangu swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza: "Dada, ungependa uweze kufanya nini?"

Nilidhani atasema kutembea. Akasema, "Nataka kusujudu chini, kisha niinuke mwenyewe."

Alikuwa akiswali juu ya kiti kwa zaidi ya mwaka. Ruhusa ya kukaa ni rehema kwa asiyeweza kusimama, na hakuna mwenye haki ya kumsuta aliyeipokea. Lakini huyu tulimkalisha sisi kabla hajashindwa. Mara ya kwanza alipoyumba kwenye rakaa ya tatu tulimletea kiti, na hatukukiondoa tena.

Tabibu akaipanga kazi yote kwa nia ile moja. Alianza na kuinuka kitini na kukaa, mara tano, bila kujisukuma kwa mikono, feni ikiwa inampepea. Zikawa nane, zikawa kumi. Chupa mbili za maji za nusu lita zikawa vyuma vyake vya mikono. Jikoni alisimama ameshika ukingo wa sinki, akaachia mkono mmoja, akahesabu mpaka kumi, akaachia wa pili. Halafu kupiga magoti kando ya kitanda, kifua kimeegemea godoro, na kuinuka. Tabibu alieleza kwamba kuinuka kutoka chini ndiko kunakomwokoa mgonjwa siku akianguka akiwa peke yake nyumbani. Kwa hivyo sijda na usalama vilikuwa zoezi moja.

Miezi ya mvua za masika yote ilipita hivyo, ndani ya nyumba. Juni, Kusi ilipoanza kuvuma na hewa kupoa, tukatoka. Tulikuwa tukitoka baada ya swala ya Alfajiri, kabla jua halijachomoza. Wakati huo vichochoro vya Mji wa Kale vina ubaridi, bodaboda ni chache, na kuta ziko karibu pande zote mbili, ukiyumba unashika. Siku ya kwanza tulitembea dakika nne. Nasema nne. Mimi nyuma yake na kiti cha plastiki mkononi kama mpagazi, akichoka anakaa, wauza mahamri wanatutazama. Kila wiki tuliongeza dakika moja au mbili. Siku aliyoamka vibaya tulipunguza, hakuna lawama. Oktoba akawa anafika Fort Jesus kwa mkongojo, dakika kumi na nane, na kiti cha plastiki tumekiacha nyumbani.

Kisha ukaja Kaskazi

Miongozo yote niliyoitaja imeandikwa na watu wa nchi zenye theluji. Kaskazi ya Januari hawaijui. Siku moja ya mwezi huo nilichelewa kazini, tukakosa asubuhi, nikaona si neno, tutoke saa kumi na nusu ya alasiri. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya pili miguu ilimkatika, akashuka chini mikononi mwangu, jicho lile la kulia haoni. Watu wakatujaa. Bibi mmoja wa mtaani akanipiga maneno ya kunitosha, si tulisema, si tulisema.

Tulimwingiza kwenye baraza ya nyumba ya karibu, chini ya feni, barafu shingoni na viganjani, maji baridi. Baada ya kiasi cha nusu saa alisema anauona mlango. Baadaye akasimama. Kesho yake hakuna lililokuwa limezidi. Siku ile ndiyo niliyoelewa alichokiona Uhthoff mwaka 1890, na nikaelewa pia alipokosea.

Tangu hapo hatuchezi na saa. Kaskazi ikiwa kali, zoezi ni la alfajiri au la ndani. Chupa ya maji hulala kwenye friza, naye hunywa kidogo kidogo njia nzima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwahi kuwapandisha baiskeli za mazoezi wagonjwa wa MS wanaosumbuliwa na joto, katika chumba chenye joto, wakaona wanaokunywa maji baridi wanaendelea kwa muda mrefu zaidi kuliko wakinywa maji ya vuguvugu. Dawa ya bei hii kila nyumba inaimudu. Yeye huongeza leso iliyoloweshwa, anaifunga shingoni ndani ya mtandio, hakuna anayejua.

Na iko bahari. Maji hubeba uzito wa mwili na huku yanaupoza, na wataalamu wa MS hupendekeza maji ya mazoezi yasizidi nyuzi 29 hivi. Bahari yetu kwa kawaida iko kati ya 25 na 29, ingawa maji mafupi yaliyotuama juani wakati wa kupwa huwa moto, kwa hivyo hapo pia mapema ni bora. Hapa pana suala la stara, ambalo sisi wanaume tunaopanga mambo haya hulisahau. Dera likilowa ni mzigo, linamfunga miguu mtu ambaye miguu yake tayari haimtii. Yeye alishonewa suruali na kanzu fupi ya kitambaa chepesi, na huenda na shangazi na binti ami wawili siku za katikati ya wiki, pwani ikiwa tupu. Anaingia mpaka kiunoni, ameshika mkono wa mtu, anatembea sambamba na ufuo. Mwenye ganzi miguuni asiingie bila viatu. Akikatwa na tumbawe hatajua mpaka aione damu.

Liko jambo jingine wanawake hawalisemi mbele za watu, na amenipa ruhusa nilitaje. Kibofu. MS humfanya mtu ahitaji choo ghafla, na kwa kuogopa fedheha mdogo wangu aliacha kunywa maji na akaacha kutoka. Kutokunywa maji kukamletea kufunga choo na maambukizi ya mkojo, maambukizi yakaleta homa, homa ikazidisha kila dalili. Mwaka mzima tulidhani ni maradhi. Sasa njia yetu ya asubuhi inapita karibu na msikiti wenye choo cha wanawake, na tabibu amemfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ambayo anaweza kuyafanya akiwa amekaa anatazama televisheni. Kama una dada au mke mwenye maradhi haya na hataki kutoka, pengine sababu si miguu.

Na uchovu, jamani. Uchovu wa MS si kama wangu mimi nikitoka kazini. Unaweza kumkuta mtu ndiyo kwanza anaamka, amelala usiku kucha. Nyumbani kwetu alikuwa akiambiwa kaa, na huko ukweni, nyuma ya mgongo wake, akiitwa mvivu. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, lakini yalimkuta yote mawili. Siku hizi anagawa siku yake: zoezi asubuhi, kupika kabla ya saa nne, anajinyoosha adhuhuri, alasiri ana akiba ya kukaa na wanawe.

Kuhusu Ramadhani, kila mgonjwa ana hali yake. Aliye katika shambulio, au anayepewa steroidi za kiwango kikubwa, asijiamulie kufunga bila daktari. Mdogo wangu mwaka huu alifunga baadhi ya siku kwa ushauri wa daktari wake, na zoezi akalihamishia baada ya Tarawehe.

Nina deni la kulalamika kidogo. Vigae vya kuteleza kwenye sehemu za udhu za misikiti mingi tunayojenga sasa, ngazi zisizo na pa kushika katika kumbi za harusi, pikipiki zinazoegeshwa kwenye kila kichochoro: vitu hivi vinawarudisha watu vitini kuliko MS yenyewe. Kipande cha bomba ukutani gharama yake ni ndogo kuliko ya sufuria moja ya biriani.

Sijda aliipata mwezi wa Novemba. Si kila rakaa. Siku nyingine anaswali nusu chini nusu kitini, siku ya joto kitini moja kwa moja. Kipimo cha daktari, sifuri hadi kumi, hakijasogea, tumekiuliza. Kile kiti kikubwa sasa nakikalia mimi nikienda kumtembelea, na kusema kweli ni kizuri.

Ijumaa iliyopita tulikuwa kwa mama tena. Chakula kiko motoni, mdogo wangu akashika mkongojo akainuka, anaelekea jikoni. Mama alifungua kinywa. Nilimwona analimeza neno. Akakaa kidogo, kisha akasema:

"Basi ukifika huko nitazamie na mkate wa sinia, usije ukaungua."